Roboti inayotuma ankara mara mbili: itupwe au itengenezwe?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya utalii hapa Moshi, tunapandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Mwezi wa tatu kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo alitutengenezea roboti ya kompyuta, yaani programu inayofanya kazi yenyewe badala ya mtu, kwa kutumia Power Automate ya Microsoft. Inafungua barua pepe za oda, inanakili jina, tarehe na njia ya kupandia, inajaza jedwali la Excel, inatengeneza ankara kwenye programu ya uhasibu na kumtumia mgeni. Asubuhi inapakua taarifa ya benki na kulinganisha nani amelipa. Aprili na Mei ilikwenda vizuri sana. Tangu Juni ni vurugu: wageni wawili wamepokea ankara mbili mbili, mmoja ameandikiwa mwezi mwingine kabisa, na umeme ukikatika hatujui roboti iliishia wapi. Kijana ameshaondoka. Bosi anauliza tuitupe au tuitengeneze. Unanishauri nini?

JIBU: Dada yangu, itengenezeni. Ila kabla ya yote izime leo, na oda zinazoingia wiki hii ziandikwe kwa mkono kama mlivyokuwa mkifanya mwaka jana. Roboti yenye kasoro isiyojulikana haifai kuachwa iendelee kwa matumaini, kwa sababu kila usiku inawaongezea kazi ya kusafisha, na msimu wa kupanda mlima ndiyo kwanza umeanza.

Matatizo uliyoyataja yanaonekana kama vurugu moja, lakini vyanzo vyake ni viwili. Ankara mbili mbili zinatokana na roboti kutojua ilichokwisha kufanya. Suala la umeme ni hilo hilo likija kwa sura nyingine. Tarehe ya mwezi mwingine inatokana na roboti kukubali kitu ambacho haikielewi. Kwa hiyo kazi yenu ni kuifundisha mambo mawili: ijue ilipofika, na ijue wakati wa kusimama na kuita mtu. Mengine yote nitakayoyaeleza yanaunga mkono hayo mawili.

Kijana wenu msimlaumu sana. Aprili na Mei ni masika, mvua inanyesha mlimani, wageni ni wachache, na hao wachache mara nyingi huletwa na mawakala wale wale wanaotumia fomu ile ile. Roboti ilikuwa inapata barua zinazofanana, moja moja, na kompyuta haina kazi nyingine. Kuanzia Juni wageni humiminika hadi Oktoba. Mmarekani anaandika kwa namna yake, Mjerumani kwa namna yake, oda kadhaa zinaingia usiku mmoja, programu ya uhasibu inakuwa nzito. Hayo yote hayakuwepo wakati wa majaribio. Roboti haikuharibika Juni; ndiyo kwanza ilikutana na kazi yenyewe.

Wala msikimbilie kubadili programu. Mbali na Power Automate kuna nyingine za kutengenezea roboti kama yenu, mfano Blue Prism na UiPath. Zinatofautiana bei, urahisi na nguvu, lakini kosa la kutuma ankara mara mbili linawezekana kwenye zote, na dawa yake ni ile ile.

Sasa tuingie kwenye ankara zenyewe, maana hapo ndipo penye hatari kubwa. Kwa maelezo yako, mpangilio wa hatua unaelekea kuwa hivi: roboti inasoma barua, inajaza Excel, inatengeneza ankara, inaituma, kisha mwisho kabisa inahamishia barua ile kwenye folda ya zilizoshughulikiwa. Umeme unakatika, au programu ya uhasibu inaganda, baada ya ankara kutumwa na kabla ya barua kuhamishwa. Roboti ikiwashwa tena inaikuta barua pale pale, inaiona mpya, inaanza upya. Kwa upande wake haijakosea chochote. Imefuata hatua ilizopewa. Kasoro ni kwamba kumbukumbu pekee iliyonayo ni mahali barua ilipo.

Ipeni daftari lake. Tengenezeni jedwali la foleni ambamo kila oda ina mstari mmoja, namba moja isiyorudiwa na hali moja. Hali hizo ziwe chache na za wazi: mpya, inashughulikiwa, imekamilika, imekataliwa, inasubiri mtu. Excel inaweza kutosha kuanzia, ila mimi ningependelea hifadhidata ndogo kama SQLite, kwa sababu faili la Excel likikatikiwa na umeme wakati wa kuhifadhi linaweza kuharibika lote, na pia mtu akiliacha wazi kwenye kompyuta yake roboti inaweza kushindwa kuandika.

Namba ya oda isibuniwe na roboti kila inaposoma barua, la sivyo barua moja ikisomwa mara mbili itapata namba mbili. Itokane na oda yenyewe. Kila barua pepe inakuja na kitambulisho chake kilichopachikwa na mfumo wa barua. Hicho kinatosha kuzuia barua moja kushughulikiwa mara mbili. Lakini wewe mwenyewe unajua kuna mgeni anayetuma oda leo, akiona kimya anaituma tena kesho kwa barua nyingine. Hapo kitambulisho hakisaidii. Ongezeni kipimo cha pili: jina, tarehe ya kuanza kupanda na njia vikifanana na oda iliyopo, roboti isitengeneze ankara wala isiitupe oda, bali iiweke kwenye hali ya kusubiri mtu. Huenda ni marudio, huenda ni baba na mtoto wenye jina moja. Aliye ofisini atajua kwa kutazama tu.

Halafu kanuni ambayo ningetaka iandikwe ukutani: tafuta kwanza, tengeneza baadaye. Kabla roboti haijatengeneza ankara, iingie kwenye programu ya uhasibu na kutafuta namba ya oda kwenye sehemu ya kumbukumbu. Ikiikuta, iendelee na hatua inayofuata. Isipoikuta, ndipo itengeneze. Hatua iliyojengwa hivi inaweza kurudiwa hata mara kumi na matokeo yakabaki yale yale, na hiyo ndiyo sifa kuu ya roboti unayoweza kulala ukaiacha ifanye kazi.

Kuna hatua, hata hivyo, ambazo ukishazifanya huwezi kuzirudisha. Kuandika mstari kwenye jedwali kunafutika. Ankara ambayo bado ni rasimu inafutika. Barua pepe ikishamfikia mgeni haifutiki, na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ikishatoka mauzo yameshahesabiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Zipangeni hatua zisizofutika zije mwisho, baada ya kila kitu kinachoweza kukaguliwa kuwa kimekaguliwa. Na kila hatua ya aina hiyo iandikwe kwenye foleni mara mbili: mara ya kwanza roboti inapotaka kuanza, mara ya pili inapomaliza. Ni kama karani wa chama cha ushirika anavyoandika kilo za kahawa mkulima akiwa bado amesimama mbele ya mzani, kisha akapiga muhuri stakabadhi ikishatolewa. Mvutano ukitokea, daftari linaonyesha kazi iliishia wapi.

Tazama inavyofanya kazi. Saa tisa usiku roboti inaandika "naanza kutuma ankara ya oda 118". Umeme unakatika. Saa kumi na moja unarudi, roboti inaamka na kusoma foleni. Inakuta oda 118 imeandikwa "naanza" lakini haina "nimetuma". Haipaswi kutuma tena, na haipaswi kudhani imetuma. Inakwenda kwenye folda ya barua zilizotumwa, inatafuta namba ya ankara. Ikiikuta, inajaza "nimetuma" na kuendelea. Isipoikuta, inaiweka oda hiyo upande wa kusubiri mtu, ikiwa na maelezo mafupi ya kilichotokea. Wewe ukifika ofisini unakuta jambo moja la kuamua.

Kuhusu kujaribu tena kazi iliyoshindikana, wengi huweka amri moja tu: ikishindwa, rudia. Hiyo ni hatari. Kushindwa kuko kwa aina mbili. Aina ya kwanza ni ya mitambo: mtandao umekatika, ukurasa haufunguki, programu imeganda. Hapo kurudia kunasaidia, lakini kwa kiasi, tuseme baada ya dakika moja, kisha tano, kisha kumi na tano, halafu basi. Aina ya pili ni ya kazi yenyewe: tarehe ya kupanda imeshapita, njia haijatajwa, mtu ameomba watu wanne na kuandika majina matatu. Hapo urudie usiku kucha, jibu halitabadilika. Oda hiyo iende kwa mtu mara moja pamoja na sababu. Na oda tatu mfululizo zikishindwa kwa sababu ile ile, roboti isimame yote na kutuma ujumbe, kwa kuwa tatizo haliko tena kwenye oda. Liko kwenye mfumo.

Sasa tarehe. Nina uhakika mkubwa kwamba mgeni wenu aliandika kitu kama 07/08. Kwa Mmarekani hiyo ni tarehe 8 Julai, maana anaanza na mwezi. Kwetu ni tarehe 7 Agosti. Zote mbili ni tarehe halali, kwa hiyo hakuna kengele itakayolia popote. Ubaya zaidi ni kwamba mgeni mwingine wa Marekani akiandika 07/15, programu nyingi zitaona hakuna mwezi wa 15 na kuigeuza zenyewe kuwa tarehe 15 Julai, kwa usahihi. Matokeo yake kosa linawapata baadhi ya wageni tu, na mnabaki mkidhani ni bahati mbaya, hadi siku mgeni anatua uwanja wa ndege wa KIA na hakuna gari lililokwenda kumpokea.

Dawa bora iko kabla ya roboti: fomu ya oda iwe na kalenda ya kubofya, au mwezi uandikwe kwa jina. Kwa zile zinazokuja kama barua huru, wekeni sheria: namba zote mbili zikiwa 12 au pungufu na zinatofautiana, roboti isiamue. Imwandalie mtu jibu la kumuuliza mgeni, mwezi ukiwa umetajwa kwa jina. Ndani ya mfumo wenu tarehe zote zihifadhiwe kwa mtindo mmoja, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, yaani 2025-07-08. Kama mgeni ametaja pia tarehe ya ndege ya kurudi, roboti ihesabu siku katikati na kulinganisha na siku za njia aliyochagua. Safari ya siku saba haiwezi kuwa na ndege ya kurudi mwezi mmoja baadaye bila mtu kuuliza.

Fedha zina mtego kama huo. Mjerumani huandika 1.850,00 akimaanisha elfu moja mia nane hamsini. Roboti iliyozoea nukta kuwa alama ya desimali inaweza kusoma moja nukta nane tano, na kutengeneza ankara ya dola mbili kasoro bila aibu yoyote. Wekeni mipaka: ankara ya safari ya mlima ikiwa chini ya kiasi fulani au juu ya kiasi fulani, ipite kwa mtu. Mipaka hiyo unaijua wewe kuliko fundi yeyote wa kompyuta.

Hapa ndipo ninapotaka ukae na yule anayepokea oda, hata kwa nusu siku, umtazame anavyofanya kazi huku ukiandika. Kichwani mwake kuna sheria nyingi ambazo hajawahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyeuliza. Anajua kwamba njia ya Marangu wageni hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, wakati njia nyingine wanalala kwenye mahema. Kwa hiyo oda inayosema Marangu na kuomba kukodi mahema anaishika papo hapo. Anajua wakala gani hulipa kwa awamu mbili. Anajua mgeni wa California akiandika Julai saa mbili usiku, hapo Moshi tayari ni saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake, kwa hiyo neno "kesho" ndani ya barua lina maana nyingine. Kila sheria ya namna hiyo ikiandikwa inakuwa hatua moja ya ukaguzi kwenye roboti. Isipoandikwa, roboti itapita juu yake kila siku kwa kasi.

Upande wa skrini nitakwenda haraka kidogo, kwa sababu fundi yeyote mtakayemwita atalijua hili. Roboti isibofye kwa kufuata vipimo vya mahali kwenye skrini. Mtu akibadili ukubwa wa maandishi kwenye Windows kutoka asilimia 100 hadi 125, kila kitufe kinahama. Ibofye kwa kutambua kitufe chenyewe, kwa jina lake au kwa maandishi yaliyo kando yake, na isitegemee vitambulisho vinavyobadilika kila ukurasa unapofunguliwa. Pia ondoeni amri zote za "subiri sekunde tano". Siku mtandao ni mzuri zinapoteza muda. Siku mtandao ni mbovu hazitoshi. Amri sahihi ni "subiri mpaka kisanduku cha jina kionekane, usizidishe dakika mbili". Na baada ya kujaza kisanduku, roboti isome tena kilichoandikwa humo kabla ya kubofya hifadhi. Hatua hiyo moja huwa inanasa makosa mengi kuliko watu wanavyotarajia.

Ila ningependa zaidi msitumie skrini pale isipolazimu. Kama programu yenu ya uhasibu inaruhusu kuingiza ankara nyingi kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, au ina mlango wa API ambao programu nyingine inaweza kuzungumza nayo moja kwa moja, tumieni huo. Sura ya ukurasa hubadilika mtengenezaji anapotaka. Muundo wa faili hubadilika mara chache, na kwa kawaida hutangazwa. Roboti ya skrini ni ya mahali ambapo hakuna mlango mwingine.

Benki ni sura ya peke yake. Usilinganishe malipo kwa kiasi peke yake. Mgeni anatuma dola 2,400 kutoka nje, benki za katikati zinakata ada, kwenu inafika pungufu kidogo. Roboti inayotafuta 2,400 kamili itasema hajalipa, na mgeni atapata barua ya kudaiwa akiwa ameshalipa. Afadhali ilinganishe kwanza namba ya ankara kwenye maelezo ya malipo, kisha jina la mtumaji, kisha kiasi kikiwa ndani ya tofauti mliyokubaliana. Vikikubali vyote vitatu, iweke alama. Vikikubali viwili, ipendekeze na wewe uthibitishe. Kikikubali kimoja, isiseme kitu. Na barua za kudai deni zisitumwe kabisa na roboti kwa msimu huu. Mgeni aliyelipa na kudaiwa tena haamini tena kampuni, na anawaambia wenzake.

Hujaeleza roboti inaingiaje benki, lakini kwa kuwa inapakua taarifa asubuhi bila mtu, nina wasiwasi. Kama inatumia jina na nenosiri la bosi, badilisheni leo. Ombeni benki iwape mtumiaji wa kutazama tu, asiyeweza kuhamisha hata shilingi. Nenosiri lisikae ndani ya hatua za roboti wala kwenye karatasi ya Excel. Likae kwenye hifadhi ya siri ya Windows au ya programu yenyewe ya roboti. Na ile namba ya OTP inayokuja kwenye simu, msitafute ujanja wa kuipeleka kwa roboti moja kwa moja. Benki imeiweka ili kuthibitisha kwamba kuna mtu aliye hai aliyekubali. Kama mfumo wa benki unadai OTP kila siku, basi mtu apakue taarifa kila asubuhi, aiweke kwenye folda, na roboti ianzie hapo. Ni dakika chache tu, na usiku mtalala. Malipo ya kutoka, ya wapagazi, ya hoteli, ya ada za hifadhi, roboti inaweza kuyaandaa. Kuyaidhinisha ni kazi ya mtu.

Kuhusu umeme wenyewe, foleni niliyoieleza itawaokoa kwa sehemu kubwa, lakini kuna mambo madogo ya kompyuta ambayo huwa yanasahaulika. Roboti isikae kwenye laptopu ya mtu anayeifunga akienda nyumbani. Ipewe kompyuta yake, yenye UPS (betri ya akiba ya umeme), na kwenye mipangilio ya mwanzo ya kompyuta wekeni ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Masasisho ya Windows yapangiwe saa ambazo roboti haifanyi kazi. Kama mnaiangalia kwa kuingia kutoka kompyuta nyingine, kumbukeni kwamba mkikata uunganisho skrini inaweza kujifunga, na roboti inayobofya ikabaki haioni kitu. Na jaribuni kwa makusudi: oda za mfano zikiwa katikati ya kushughulikiwa, chomoeni waya wa mtandao. Siku nyingine uzimeni umeme kabisa. Kisha mtazame foleni inasema nini. Roboti ambayo haijawahi kuzimiwa katikati ya kazi bado haijajaribiwa.

Majaribio yanahitaji oda mbaya. Anzisheni folda ya oda zilizowahi kusumbua, majina na namba za pasipoti zikiwa zimebadilishwa: ile ya 07/08, ile ya Mjerumani, ile iliyotumwa mara mbili, ile ya jina lenye herufi ambazo kibodi yetu haina. Kila tatizo jipya likitokea, nakala yake inaingia humo. Mtu akigusa roboti, hata kwa kubadilisha jambo dogo, folda yote inapitishwa kwanza kwenye nakala ya majaribio kabla ya kuwekwa kazini. Na toleo la zamani lihifadhiwe, ili mabadiliko yakiharibu kitu mrudi nyuma bila kuhangaika.

Kila asubuhi roboti iwatumie taarifa, hata kama usiku hakukuwa na oda hata moja. Taarifa iwe na hesabu inayofunga, kama ulivyozoea kwenye vitabu: barua zilizoingia ziwe sawa na zilizokamilika, jumlisha zilizokataliwa, jumlisha zinazosubiri mtu. Isipofunga, kuna oda imepotea, na inatafutwa siku hiyo hiyo. Taarifa isipofika kabisa, hiyo nayo ni ishara. Ofisi nyingi hugundua roboti imekufa baada ya wiki, kwa sababu kila mtu alichukulia ukimya kuwa kazi inakwenda.

Kwenye kumbukumbu za roboti, ziandikwe saa, namba ya oda, hatua na matokeo. Mafundi wengi huongeza picha ya skrini kila hatua inaposhindwa, na ni jambo zuri, lakini kwenu picha hiyo inaweza kuonyesha pasipoti ya mgeni au fomu ya afya aliyojaza kabla ya kupanda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazopewa ulinzi wa juu zaidi. Zuieni picha kwenye kurasa hizo, wekeni folda ya kumbukumbu chini ya nenosiri, na pangeni muda wa kuzifuta. Wageni wametuamini kwa mambo ya miili yao ili wapande salama. Hayapaswi kuzagaa kwenye kompyuta ya ofisi.

Kijana ameondoka, kwa hiyo roboti yenu haina mwenyewe. Hilo lisipotatuliwa, yote niliyoandika yatadumu msimu mmoja. Kwa maoni yangu, mwenye roboti awe wewe. Hatua zake ni za hesabu zako, na huhitaji kujua kuandika programu ili kuamua ankara ipi isitoke. Fundi wa kuigusa mtampata hapo Moshi au huku Arusha, kwa mkataba mdogo wa saa anazofanya kazi. Mwenye roboti anaandika ukurasa mmoja: inafanya nini, saa ngapi, inatumia akaunti zipi, inazimwaje, na kazi inafanywaje kwa mkono ikiwa imezimwa. Ukurasa huo uchapishwe. Na siku moja kila mwezi kazi ifanywe kwa mkono, ili ujuzi usipotee ofisini.

Kabla ya kuiwasha tena, safisheni yaliyopita. Toeni orodha ya ankara zote tangu tarehe 1 Juni, zipangwe kwa jina la mgeni na tarehe ya kupanda, mtafute zilizojirudia. Msiishie kwa wale wawili waliolalamika. Kuna wageni wanaopokea ankara ya pili na kunyamaza, na kuna anayeweza kuilipa. Zilizojirudia zifutwe kwa krediti noti, yaani hati za kutengua ankara, zenye kumbukumbu ya ankara ya awali, na mzimalize kabla ya ritani ya VAT ya Juni, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Julai, msije mkatangaza mauzo ambayo hayakuwepo. Kama kuna iliyotolewa na risiti ya EFD, nendeni TRA na maelezo ya maandishi mapema, msingoje kuulizwa. Kila mgeni aliyehusika apate barua fupi iliyoandikwa na mtu, ikitaja ankara ipi ni halali.

Kisha rudini hatua kwa hatua. Mwanzoni roboti isome oda na kujaza foleni tu, wewe uilinganishe na barua zenyewe. Mkiridhika, itengeneze rasimu za ankara, mtu azipitie na kubofya tuma. Ruhusa ya kutuma yenyewe iipate kwa wakala mmoja kwanza, yule mwenye fomu isiyobadilika, kisha wengine mmoja mmoja. Oda za barua huru kutoka kwa wageni binafsi mimi ningeziacha chini ya jicho la mtu msimu mzima. Mwambie bosi kazi ya kunakili itakuwa imepungua sana hata hivyo, na ile sehemu iliyobaki kwa mtu ndiyo inayomlinda mgeni.